Sufuria ya mawe: Mombasa ya 2020 iliugua sonona au ililemewa na dhiki?

Mwezi wa Aprili 2020, mjane mmoja wa hapa Mombasa, mama wa watoto wanane aliyekuwa akipata riziki kwa kufua nguo za watu, aliteleka sufuria ya maji, akatia mawe ndani, akafunika. Watoto walikuwa wakilia njaa. Alitaka waone chombo kiko motoni, wangoje, mpaka usingizi uwachukue. Jirani akasikia kilio, akaja kutazama, akawaita wanahabari, na mwezi haujaisha habari ilikuwa imeshazunguka dunia. Wakenya wasiomjua wakamtumia pesa kwa simu.

Hali ya mama yule tuiite nini? Nakumbuka siku zile nilisikia majibu mawili, na yote yalitoka kwa watu waliosoma. Mmoja alisema huyu amepata kiwewe, apelekwe kwa mshauri nasaha kabla hajajidhuru. Wa pili akamjibu kwa ukali: "Mshauri atampikia? Mpe unga, kisha uone kama hicho kiwewe kitabaki." Tangu siku ile sijaacha kuyapima maneno hayo, kwa sababu mabishano hayakuwa ya mama mmoja. Wataalamu wa dunia nzima wameyaendesha kwa takwimu miaka yote hii: je, korona ilituletea janga la pili, la maradhi ya akili, au watu walikuwa na dhiki tu, na dhiki ikiondoka nao hurudi walivyokuwa?

Kwanza tukumbushane Mombasa ilipitia nini, maana tumesahau haraka mno.

Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Wiki mbili baadaye, Ijumaa ya tarehe 27, kafyu ikaanza: saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Jioni ile pale feri ya Likoni, panapovuka watu zaidi ya 300,000 kwa siku, umati ulikuwa ukiwahi nyumbani. Polisi wakawatia gesi ya kutoa machozi na virungu hata kabla saa moja haijafika. Walioambiwa wasikaribiane wakajikuta wamebanana kuliko siku yoyote. Tarehe 8 Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, hapana kutoka wala kuingia. Ndege za kimataifa zilikuwa zimeshasimama, hoteli za ufuoni zikafunga milango, na wafanyakazi wengi wakaambiwa waende nyumbani wasubiri simu.

Mji huu, asiyeujua na ajue, hula jioni. Viazi vya karai, bajia, mishkaki, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, vyote hivi ni biashara ya baada ya laasiri. Mama karai huwasha jiko saa kumi, wateja humjia baada ya magharibi, hufunga saa nne usiku. Ukimwambia saa moja awe ndani, hujampunguzia saa za kazi. Umemwondolea kazi yenyewe.

Tarehe 6 Mei serikali ikaufungia Mji wa Kale peke yake, pamoja na Eastleigh ya Nairobi, kwa mwezi mzima. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Futari ikiliwa, nusu saa baadaye kafyu. Tarawehe kila mtu kwake. Idi ikatukuta hivyo hivyo, milango imerudishwa, watoto wamevaa nguo mpya na hawana pa kwenda kuzionyesha.

Maradhi ya kuambukiza si mageni kwetu. Kipindupindu twakijua, dengue twaijua, na chikungunya ya mwisho wa 2017 ilituacha tunatembea tumepinda kama vikongwe. Lakini maradhi yale yalitulaza, hayakututenga. Mgonjwa aliendewa, akapelekewa uji, akasomewa. Korona ilikuja na sharti kwamba mgonjwa haendewi, maiti huzikwa na watu 15, matanga hayakaliwi, hitima hakuna. Katika yote yaliyotufika, hili ndilo ambalo sijaliona likiingia vizuri kwenye takwimu za mtu yeyote.

Sasa tuziendee hizo takwimu.

Upande unaosema kulikuwa na janga la akili una namba nzito. Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba katika mwaka wa kwanza wa korona, sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na maradhi ya wasiwasi yaliongezeka kwa asilimia 25 duniani. Nyuma ya tangazo hilo kulikuwa na utafiti uliochapishwa kwenye jarida la kitabibu la The Lancet mwezi wa Oktoba 2021. Ulikadiria kwamba mwaka 2020 uliongeza visa milioni 53.2 vya sonona na milioni 76.2 vya maradhi ya wasiwasi juu ya vile ambavyo vingekuwepo bila korona. Walioumia zaidi walikuwa wanawake na vijana.

Namba hizo zilipatikanaje? Watafiti walikusanya vyanzo 48 vilivyofaa, na vingi vilitoka Ulaya Magharibi na Amerika Kaskazini. Pasipo na data walitumia vipimo viwili: maambukizi yalikuwa mengi kiasi gani, na watu walipunguza kutembea kwa kiasi gani. Kwa hivyo mji kama Mombasa haukuulizwa hali yake. Ulikadiriwa. Sisemi makadirio ni uongo, maana bila ya hayo nchi maskini zisingehesabiwa kabisa. Nasema tu kwamba kupungua kutembea kwa karani wa London aliyehamishia kompyuta yake mezani nyumbani si sawa na kupungua kutembea kwa mchukuzi wa soko la Kongowea. Wa kwanza amekosa matembezi, wa pili amekosa chakula cha mchana. Hesabu hupokea hali hizo mbili kama kitu kimoja.

Upande wa pili nao hauko mikono mitupu. Machi 2023 jarida jingine la kitabibu, BMJ, lilichapisha mapitio ya tafiti 137 zilizokuwa zimewapima watu kabla ya korona na zikawapima tena baada ya kuingia. Hapo ndipo tofauti ilipo. Tafiti nyingi za mwanzo zilimpima mtu mara moja tu, katikati ya taharuki, bila kujua mwaka uliopita alikuwaje. Zilipokusanywa zile zenye kabla na baada, afya ya akili ya watu kwa jumla haikuonekana kubadilika sana, wasiwasi vilevile, na sonona ilizidi kidogo. Vivyo hivyo kwa watu kujiua: mwaka 2021 watafiti waliolinganisha takwimu za nchi 21, tajiri na za kipato cha kati cha juu, hawakuona ongezeko katika miezi ya kwanza. Ni baadaye ndipo nchi kama Japani zilipoanza kuona namba zikipanda, hasa kwa wanawake.

Kwa mtazamo huu, binadamu ni mgumu kuliko tunavyomdhania. Huogopa, hukosa usingizi wiki kadhaa, kisha hujipanga. Wenye maoni haya huonya kwamba ukimwita kila mwenye hofu mgonjwa, unawatisha watu mara mbili, na daktari mmoja aliyepo anazongwa na wasiomhitaji huku anayemhitaji hasa akikosa nafasi. Hilo la daktari mmoja si mzaha kwetu. Nchi nzima ya Kenya ina madaktari wa akili kama mia moja, na wengi wako Nairobi.

Hata hivyo, tafiti hizo 137 nazo nyingi ni za nchi zenye uwezo, ambako serikali zilimlipa mtu akae nyumbani. Ugumu wa mtu aliyelipiwa kodi ya nyumba hauniambii mengi kuhusu ugumu wa mtu wa Majengo ambaye mwenye nyumba amemtolea mlango. (Watu wa Mombasa watanielewa: kung'olewa mlango wa chumba kwa sababu ya kodi si methali.)

Jambo moja pande zote mbili zimelikubali, na ni ajabu kwamba halizungumzwi sana: wanawake walizidiwa. Hata mapitio ya BMJ, ambayo hayakuona mabadiliko makubwa kwingine, yaliona hali ya wanawake ikizorota, japo si kwa kiasi kikubwa. Hapa kwetu laini ya simu ya 1195, ya kuripoti ukatili wa kijinsia, ilitoka kupokea simu zisizofika mia moja mwezi wa Februari 2020 na kupokea zaidi ya elfu moja kwa mwezi miezi michache baadaye. Waweza kusema laini ilitangazwa zaidi ndiyo maana, na ni kweli ilitangazwa. Lakini fikiria chumba kimoja cha mtaa wa Bangladesh, Mikindani, au cha Kisauni: mume amerudishwa kutoka kazini, watoto hawana shule tangu Machi, na wengi wao hawatarudi darasani mpaka Januari 2021, maji ya kuosha mikono kila saa yanunuliwa kwa mtungi, na mlango hautoki mtu baada ya saa moja. Pazia la kati ya kitanda na jiko ndio ukuta wote uliopo.

Je, kuna ushahidi wowote wa hapa nyumbani kuhusu ile kauli ya "mpe unga"? Upo, ingawa si wa Pwani. Kabla ya korona kulikuwa na mradi wa majaribio katika kaunti za Siaya na Bomet, vijiji vikipewa pesa bila masharti. Korona ilipoingia, watafiti, akiwemo Abhijit Banerjee aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi 2019, walipiga simu kuulizia hali. Waliokuwa wakipokea pesa waliripoti njaa kidogo kuliko wenzao, maradhi machache, na dalili chache za sonona. Kumbe pesa hutibu hata moyo. Lakini wasemao unga unatosha wasikimbie na habari hii kabla ya kuimaliza, kwa sababu tofauti yenyewe haikuwa kubwa. Pesa ilipunguza uzito, haikuutua.

Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba tatizo letu ni kipimo kabla ya kuwa jibu. Kipimo kinachotumika zaidi duniani ni dodoso la maswali tisa liitwalo PHQ-9. Mtu huulizwa katika wiki mbili zilizopita amesumbuliwa mara ngapi na mambo fulani, na kila jibu hupewa alama kutoka 0 hadi 3. Jumla ya juu kabisa ni 27, na kwa kawaida 10 kwenda juu huhesabiwa kuwa dalili ya sonona ya kutiliwa maanani. Sasa yatazame maswali: usingizi, uchovu, hamu ya kula, kujiona umeiangusha familia yako. Mchukue baba wa Likoni wa Mei 2020, amefunga Ramadhani, amka yake ni daku, kazi imekwisha, mtoto anaulizia nguo ya Idi. Atapata 3 kwenye kila moja ya maswali hayo manne. Ameshafika 12 na bado hajaulizwa kama ana huzuni.

Nilikuwa na jirani wa namna hiyo pale Tudor. Kijana wa miaka thelathini hivi, mhudumu katika hoteli moja ya ufuoni, aliyerudishwa nyumbani Machi bila senti. Aprili aliuza barakoa za kitambaa. Mei barakoa zikajaa mjini, akauza mahamri ya mkewe. Juni nikawa namwona amekaa kwenye ngazi usiku wa manane, hazungumzi, anachokonoa rangi ya ukuta kwa ukucha mpaka pakabaki kidimbwi cheupe. Mkewe alinong'ona kwa mke wangu kwamba hali chakula, halali usiku, na amesema maneno mabaya. Tulimwogopea. Ningempa lile dodoso nadhani angefika 20. Mwisho wa mwaka hoteli ikampigia simu. Wiki ya pili tu akawa anapiga miluzi kwenye ngazi zilezile, na mpaka leo akiulizwa habari za mwaka ule husema, "Tuliteseka bwana," kisha husogea kwenye habari za mpira.

Ami yangu, ndugu wa baba, ni kisa kingine. Ana nyumba Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale. Alikuwa karani wa kampuni ya kupakua shehena bandarini, na tangu astaafu ratiba yake ilikuwa moja: alfajiri msikitini, kisha barazani, kahawa chungu na kashata, dhuhuri msikitini, kulala kidogo, laasiri msikitini, barazani tena mpaka isha. Mji wa Kale ulipofungwa nilimpelekea tende na kaimati mpaka penye kizuizi. Alikuja amevaa kikoi na kofia yake ya vito, kamba za barakoa zimepita juu ya kofia kwa sababu hakujua pengine pa kuzipitisha. Tukasimama mbali. Nikamuuliza hali. "Alhamdulillahi." Usingizi? "Alhamdulillahi." Mgongo? "Mimi si mgonjwa, mwanangu. Nimefungiwa tu."

Julai nchi ikaanza kulegezwa. Misikiti na makanisa yakafunguliwa kwa masharti: watu 100, saa moja, na asiingie aliye chini ya miaka 13 wala aliyepita 58. Ami alikuwa na miaka 63. "Umri aliofariki nao Mtume," akaniambia, "nami naambiwa nimezidi kuswali." Alicheka. Sikupenda kicheko kile.

Mwaka uliofuata, kwa udadisi wangu, nilimsomea maswali yale tisa. Alijibu kwa adabu kama anayejaza fomu ya forodha. Huzuni? Alhamdulillahi. Kukosa raha ya mambo? Alhamdulillahi. Nikapata alama tano kwa kumlazimisha. Kwa hesabu ile ami hana neno. Nilipokuwa naondoka akanishika mkono mlangoni: "Na jakamoyo, mbona hukuniuliza?" Akanieleza kwamba kila jua likizama moyo humwenda mbio, akasikia kama kuna mtu yu nje anamtafuta. Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Ami, mpaka leo, inapokaribia saa moja huinua mkono akatazama saa, akaiacha kahawa nusu kikombe, akaenda zake ndani. Wenzake wa barazani hawamwulizi tena.

Najua, watu wawili si utafiti. Ila angalia kilichotokea: kipimo kingempata yule aliyepona kwa simu moja ya mwajiri, na kingempita yule ambaye hajapona. Wanaosema "ni dhiki tu" wako sawa kuhusu kijana wa ngazini. Wanaosema "ni maradhi" wako sawa kuhusu ami. Na kila upande ungemshika mtu wa mwenzake.

Sehemu ya kosa ni lugha, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu ndipo panaponiuma. Sonona ni neno zuri, lina mzizi wake katika kusononeka, lakini mama karai halitumii. Yeye ana mawazo. Akizidiwa, mawazo yamempanda. Aliyefiwa ghafla ana kihoro. Anayengoja jambo baya ana wahka, na moyo ukimdunda kwa wahka huo ana jakamoyo. Huzuni iliyokaa miaka ni jitimai. Haya si mapambo ya washairi. Ni vipimo, na vina digrii zake. Wasiwasi nao Pwani una maana yake ya zamani: mtu anayetawadha akarudia, akarudia tena asiwe na yakini kama mkono umepata maji, huambiwa ana wasiwasi, na wazee humwombea dua. Mwaka 2020 serikali ikatuamrisha sote tuoshe mikono tukarudia, tukarudia tena. Nchi nzima ilipewa wasiwasi kwa agizo la wizara.

Ukimpigia simu mtu wa huku ukamuuliza kama anahisi "kukata tamaa", umemuuliza swali la dini bila kujua. Kukata tamaa na rehema ya Mungu ni dhambi. Atajibu la, na atakuwa amesema kweli kwa swali alilolisikia yeye. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kule Kilifi wamefanya kazi ya kuzipima tafsiri za Kiswahili za madodoso kama haya, na ni kazi ya kushukuriwa. Ila kutafsiri swali ni hatua moja, kuanza na neno la mwenyewe ni hatua nyingine. Zimbabwe walifanya hivyo zamani. Katika miaka ya tisini dodoso la maswali 14 liliundwa kutokana na namna Washona wenyewe wanavyoyaeleza mashaka ya moyo, likiwemo kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Mswahili anayesema "ana mawazo" hahitaji kufasiriwa neno hilo.

Swali la tisa la dodoso ndilo gumu kuliko yote. Huuliza kama umewahi kufikiri ni bora ufe au ujidhuru. Mwaka 2020 kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilikuwa bado kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, kifungo mpaka miaka miwili. Ni Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu iliposema kifungu hicho kinapingana na katiba. Kufikiri si kujaribu, mwanasheria atakwambia. Lakini mtu anayepigiwa simu na asiyemjua, katikati ya kafyu inayolindwa kwa virungu, hasubiri tafsiri ya mwanasheria. Kwa hiyo anayeniambia kwamba Kenya haikuona ongezeko la kujiua, au kwamba iliona, namuuliza nani alithubutu kusema.

Kuna watu ambao mabishano haya yote yanawapita juu: waliokuwa wagonjwa tangu kabla. Mwenye dawa yake ya kila mwezi aliyekuwa akija kliniki ya Port Reitz kutoka mbali akakuta njia zimefungwa na nauli imepanda maradufu. Huyu hakuhitaji mjadala wa kama ni dhiki au ni maradhi. Alihitaji vidonge. Nikilaumu upande wa "ni dhiki tu" kwa jambo moja, ni kwamba kwa kusema watu kwa jumla wako salama, mara nyingi humficha huyu ndani ya wastani.

Serikali kwa upande wake ilikuwa na karatasi mkononi. Jopo lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilikabidhi ripoti yake Julai 2020, wiki ileile Mombasa ilipofunguliwa mipaka, likapendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Lilipendekeza hata nchi ipime furaha ya watu wake. Nilicheka niliposoma hilo, nikiwa bado nina barakoa shingoni. Baadaye nikaona sikutenda haki, kwa sababu jopo lilisema wazi kwamba nyumba, kazi na usalama ni sehemu ya dawa. Lakini dharura hutangazwa na mwenye fedha, na fedha mwaka ule zilikuwa zinanunua vitanda vya kutengea wagonjwa.

Nikiulizwa mimi, nasema hivi. Kwa walio wengi hapa mjini yaliyowapata mwaka ule yalikuwa dhiki yenye sababu inayojulikana, na kuyaita maradhi ni kumhamishia aliyeumizwa jukumu la aliyemuumiza: umemfungia biashara, kisha unamfundisha kuvuta pumzi polepole. Hilo nalikataa. Lakini sababu inayojulikana haizuii jeraha kubaki. Kinachotenganisha mgonjwa na mwenye dhiki si alama alizopata siku ya msiba. Ni kama bado yuko palepale msiba ulipoondoka, na hilo hulijui kwa kumpima mara moja. Lazima urudi. Na kurudi ndiko ambako hakuna aliyekuwekea bajeti: mgao wa chakula ulikuja, picha zikapigwa, lori likaondoka.

Kurudi hakuhitaji daktari. Huko Harare daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na akina bibi 14, akawafundisha kusikiliza, akawaweka kwenye mabenchi nje ya zahanati. Matokeo ya majaribio yao yalichapishwa 2016, na waliokaa na bibi walipungukiwa na dalili kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Nikisoma habari ya benchi lile huwa natazama barabara za Kibokoni na Kuze. Kila nyumba ya kale ina benchi lake la mawe lililojengewa ukutani, na muuza kahawa bado hupita na dele lake akigonganisha vikombe. Agizo la kwanza tulilopewa mwaka 2020 lilikuwa tusikae hapo. Kwa maambukizi lilikuwa agizo sahihi, silipingi. Ila hakuna aliyehesabu lilikuwa linafunga kliniki ngapi.

Narudi kwa yule mjane. Waislamu wa mji huu waliposikia habari ya sufuria ya mawe, wengi waliitambua, maana tumeisikia tangu madrasa. Husimuliwa kwamba Sayyidna Umar, akiwa khalifa, alitembea usiku nje ya Madina pamoja na Aslam, mtumishi wake, akaona moto. Penye moto alimkuta mwanamke, watoto wanalia, chungu kinachemka, na ndani ya chungu hamna chakula, ni cha kuwapumbaza watoto mpaka walale. Umar akarudi mjini, akajitwika gunia la unga mgongoni mwake mwenyewe, akamkatalia Aslam kumpokea, akaja akapika, akipuliza moto mpaka moshi ukawa unapita katikati ya ndevu zake. Watoto wakala wakashiba.

Masimulizi mengi ya mtaani huishia hapo, kwenye unga. Lakini maalimu wetu hakuishia hapo. Watoto waliposhiba Umar hakuondoka. Alijitenga kando, akachutama gizani akiwaangalia. Aslam akamwambia, Amiri, hebu twende. Hakumjibu. Alikaa vile mpaka watoto walipoanza kucheza, wakacheka, kisha wakalala.

Yule mama wa Mombasa alipata unga. Nilitafuta kama kuna aliyerudi baada ya miezi sita kumuuliza usingizi wake ukoje. Sikuona.